Mektrida na Mwisho wa Hadithi ya Kiatu

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna mtoto anayechezea redio hapo nyumbani, mwambieni aiache. Kama mtori uko jikoni, punguzeni moto. Jioni hii nina jina moja tu, na nataka lisikike vizuri kuanzia Sanya Juu mpaka Kahe.

Jina hilo ni Mektrida. Mektrida binti Aristides, mzaliwa wa Uru, mkalimani wa filamu katika ukumbi wa video wa Majengo, hapa Moshi. Amefariki wiki iliyopita kwa ugonjwa wa presha. Tumemzika Jumamosi.

Tumemzika mjini. Narudia, kwa sababu najua wengine mtadhani mmesikia vibaya. Binti wa Kichagga, ambaye baba yake alikuwa na kihamba, yaani shamba la ukoo ambamo watu wetu huzikwa, chenye migomba na kahawa, amezikwa kwenye makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowajua. Hakuna aliyeimba kwa lugha ya nyumbani. Nimekuja kuwaeleza ilikuwaje. Wengine mnaonisikiliza mnajua ilikuwaje kuliko mimi.

Tuanze na Uru. Mektrida alizaliwa kwenye kihamba cha baba yake, Mzee Aristides, mkulima wa kahawa, Mkatoliki asiyekosa misa. Mama yake mzazi alifariki Mektrida akiwa bado hajaanza shule. Akazikwa pale pale, chini ya migomba, hatua chache kutoka kwenye mfongo, yaani ule mfereji wa maji unaoshuka kutoka msituni. Baba akaoa tena. Mke wa pili ni Mama Salvina. Akazaa mtoto wa kiume, Onesphory.

Sitasema kwamba Mama Salvina alimtesa mtoto. Mektrida mwenyewe hakuwahi kuniambia hivyo. Aliniambia hivi: "Alinipa chakula. Lakini alinipa kama mtu anayelipa kodi."

Kabla ya kufa, Mzee Aristides alifanya jambo ambalo wanaume wa umri wake hawakulifanya. Alimtengea binti yake kipande. Kipande kile cha kaburi la mama yake, kuanzia mfongo mpaka kaburini. Akapanda masale kuwa mpaka. Wageni wa mkoa wetu, niwaambie: isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani mnaouona kwenye mipaka ya vihamba. Ndio mpaka wetu. Na jani lake ndilo msamaha wetu. Mtu aliyekukosea akija na jani la isale, humkatalii. Akikuletea, unapokea, na hasira inaishia hapo. Hiyo ndiyo desturi.

Hicho kipande mkikumbuke. Kuanzia mfongo mpaka kaburini.

Mimi nilimfahamu Mektrida mwaka themanini na sita, katika masomo ya jioni. Tulikuwa tukijifunza Kiingereza katika darasa la shule ya msingi, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mimi tayari nilikuwa na mvi. Yeye alikuwa msichana mwenye mtoto mgongoni, Evelyn, ambaye baba yake hakuwahi kuonekana. Mchana alishona sare za shule kwenye baraza moja Majengo. Jioni alikuja darasani. Mwalimu akisema sentensi, sisi wengine tuliiandika. Mektrida aliisema. Aliisema kwa sauti ya mwalimu, halafu kwa sauti ya padri, halafu kwa sauti ya mlevi, mpaka darasa zima likacheka na mwalimu akasahau alipofika. Lakini Kiingereza kilimwingia.

Kisha mambo yakafunguliwa. Mnakumbuka. Baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni, ghafla vitu vikaja. Mitumba ikaja Kiborloni marobota kwa marobota. Televisheni zikaja. Sylvanus, aliyekuwa fundi wa redio, akapata deki ya video kutoka Taveta, akajenga banda la mbao na bati, akapanga mabenchi, akaliita ukumbi. Filamu zilikuwa za Kiingereza, na wateja wake hawakujua Kiingereza. Siku ya kwanza walitazama kimya. Siku ya pili walianza kudai kiingilio chao.

Sylvanus akaenda barazani kwa Mektrida. "Dada, acha cherehani. Njoo uniokoe."

Hivyo ndivyo Mektrida alivyokuwa mkalimani. Alisimama kando ya televisheni, amejifunga kitenge kiunoni, akatafsiri kila neno papo hapo. Na hakutafsiri tu. Wafalme aliwapa sauti ya wazee wa Kibosho. Malkia aliongea kama mama muuza ndizi wa soko la Mbuyuni. Polisi wa Marekani alitukana kama utingo wa stendi. Watu walitoka Pasua, walitoka Njoro, walishuka kutoka mlimani baada ya misa ya pili. Wengine waliniambia wazi: "Mzee, sisi hatuendi kuangalia picha. Tunaenda kumsikiliza Mektrida."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hadithi ya kiatu inapoingia.

Ni ile hadithi ya zamani ya Wazungu, ambayo wengi wenu mnaijua. Binti anafiwa na mama. Baba anaoa tena. Mama wa kambo anamfanya binti mtumishi. Mwana wa mfalme anafanya sherehe, binti anakwenda kwa siri, anaondoka mbio, anaacha kiatu. Kiatu kinatafuta mguu. Hadithi yenyewe ni hiyo moja, lakini filamu zake ziko nyingi, na ukumbi wa Sylvanus ulizipata tatu. Ya kwanza ilikuwa ya katuni. Ya pili ilitoka Bombay, imejaa nyimbo. Ya tatu ilikuwa ya watu halisi, Wazungu wenye magauni mapana kama hema.

Na ukumbi ukagawanyika. Jumapili baada ya onyesho watu hawakwenda nyumbani. Walibaki kwenye mabenchi na vibuyu vyao vya mbege, pombe yetu ya ndizi, wakibishana ni filamu ipi iliyo ya kweli. Mimi nimekaa katika mikutano ya ushirika, nimekaa katika halmashauri ya parokia, na sijasikia hoja zikichambuliwa namna ile.

Mkubwa wao alikuwa Wenseslaus, muuza viatu vya mitumba. Nilimsikia kwa masikio yangu.

"Kiatu cha kioo!" alisema. "Jamani, mimi viatu ndiyo kazi yangu. Kanyaga jiwe moja tu la njia ya Uru na kiatu cha kioo, uone kama hutabebwa kwenye machela."

"Yule hakupita njia ya Uru, Wense. Alikuwa na gari la farasi."

"Na wakati anakimbia? Alikimbia na farasi mgongoni?"

Bibi Ndelilio alikuwa mkunga mstaafu, na alikuwa na kiti chake mwenyewe mbele ya ukumbi. Akadakia. "Afadhali hicho cha kioo. Ile ya Bombay kiatu hakuna, ni kikuku. Na binti anacheza mpaka goti linaonekana, halafu mnaniambia ni yatima."

"Bibi, si ungefumba macho?"

"Nilifumba. Moja."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Lakini ubishi wa kiatu ulikuwa wa kuchangamshana tu. Ubishi wenyewe ulikuwa juu ya mama wa kambo. Je, mwishoni afanywe nini? Katika katuni, mama wa kambo anaondoka zake hivi hivi, haadhibiwi wala haombi radhi. Watu hawakuipenda. Katika ile ya Bombay anatumbukia kisimani. Hiyo nayo ilipata maneno.

"Amestahili," alisema Wenseslaus.

"Amestahili, ndiyo," akajibu Bibi Ndelilio. "Lakini kisima kimekosa nini? Kijiji kizima kitakunywa wapi?"

Ile ya tatu, ya watu halisi, ilikuwa na kasoro yake. Mtu fulani, huko ilikotoka, alikuwa amerekodi mpira wa miguu juu ya sehemu ya mwisho. Kiatu kinamwenea binti, mama wa kambo anageuka, anafungua mdomo aseme neno, na hapo hapo, kwaa! Uwanja wa mpira, watu wanashangilia, golikipa anapiga goli kiki.

Siku ya kwanza ilipotokea hivyo, watu walinyanyua mabenchi. Wengine walitaka kumshika Sylvanus shati. Mektrida akazima televisheni. Akasimama mbele ya kioo cheusi. Akasema, "Kaeni chini. Mimi naujua mwisho."

Hakuujua. Aliniambia baadaye kwamba hakuujua. Lakini aliusimulia. Akasema: Mama wa kambo anafika kwenye lango la mfalme, peke yake, bila viatu. Mkononi ana jani la isale. Anapiga magoti. Anasema, mwanangu, nimekukosea. Na binti, aliyevaa taji, anashuka ngazi. Anatazama jani. Anatazama mikono iliyomnyima. Analipokea.

 Ukumbi mzima ukapiga makofi mpaka bati likatetemeka.

Tangu siku hiyo filamu ile ikaitwa "ya mpira," na ikawa ndiyo ya kweli kwa watu wote. Mtu akisifia katuni, anaambiwa: hiyo siyo yenyewe, isale iko wapi? Akisifia ya Bombay, anaambiwa hivyo hivyo. Niseme wazi, wasikilizaji wapendwa. Filamu iliyopendwa kuliko zote mjini Moshi ilikuwa na mwisho ambao haukuwamo kwenye kanda. Ulikuwa kinywani mwa Mektrida. Na wapenzi wake waliukariri neno kwa neno. Akikosea hata kidogo, akisema binti ameshuka ngazi kabla ya mama wa kambo kupiga magoti, walimrekebisha kwa sauti.

Watu wenye kumbukumbu nzuri. Hilo nalo mlikumbuke.

Lakini katika kuufupisha mwisho, Mektrida aliacha kitu. Wazee wanaonisikia wameshakiona. Isale haipelekwi na mtu peke yake. Inapelekwa na mshenga, na mbege, nyumbani kwa aliyekosewa, mbele ya wazee wa ukoo, ili maneno yanayosemwa siku hiyo yawe na masikio ya kuyatunza. Katika filamu ya Mektrida hapakuwa na mshenga wala wazee. Hapakuwa na nafasi. Watu walikuwa wamenyanyua mabenchi. Na baada ya kuusikia mwisho ule miaka na miaka, hata watu wazima wakasahau kwamba kuna utaratibu.

Sasa turudi Uru. Mwishoni mwa miaka ya tisini, bei ya kahawa ilikuwa imeanguka na ardhi ya mlimani imekuwa dhahabu. Watu wa Dar es Salaam walitaka mahali pa kujenga nyumba za Krismasi. Onesphory akaanza kukata kahawa kwenye kipande cha dada yake. Mektrida alipouliza, alijibiwa, "Mwanamke asiye na mume ana shamba la nani?"

Ndipo sheria mpya ya ardhi ikatoka, ikasema mwanamke ana haki sawa. Sisi hapa redioni tuliisoma. Mektrida alikuja kuniuliza maana ya vifungu viwili vitatu. Kisha akapeleka shauri baraza la kata. Alikuwa na hakika. Masale ya baba yake yalikuwa bado yamesimama, na baadhi ya majirani waliomwona mzee akiyapanda walikuwa hai.

Shauri lilikuwa bado kusikilizwa wakati Mama Salvina alipofika ukumbini Majengo. Ilikuwa Jumapili, mwaka elfu mbili. Mimi siku hiyo sikuwepo, nilikuwa mjini Mkuu, kule Rombo, kwenye harusi. Ninayowaeleza nimeyapata kwa watu wanne, mmoja mmoja, kila mmoja nyumbani kwake. Wote wamenisimulia maneno yale yale.

Filamu ilikuwa ile ya mpira. Imekaribia kufikia kiatu. Mlango ukafunguliwa. Mama Salvina akaingia peke yake, bila viatu, na jani la isale mkononi. Mwanawe, Onesphory, alikuwa mteja wa ukumbi ule. Mama alijua aingieje.

Sylvanus akasimamisha deki. Mama Salvina akapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya ukumbi uliojaa. Akasema maneno haya. Nayasema polepole.

"Mektrida mwanangu, nimekukosea. Kipande cha mama yako, kuanzia mfongo mpaka kaburini, ni chako na Evelyn. Onesphory hatakigusa. Nasema mbele ya watu hawa wote. Ondoa shauri, turudi kuwa nyumba moja."

Mektrida hakunyoosha mkono. Evelyn, binti yake, alikuwa amesimama nyuma yake. Ameniambia, "Babu, mama aligeuka akaniangalia. Akaninong'oneza, hii si namna yake, wazee wako wapi?"

Lakini ukumbi ulishaanza. "Pokea! Pokea! Pokea!" Wengine walilia. Wenseslaus alisimama juu ya benchi akipiga makofi. Bibi Ndelilio akamshika Mektrida bega, akamwambia, "Mwanangu, pokea. Si wewe uliyetufundisha?"

Akapokea. Jani lilikuwa limechumwa kwenye mpaka ule ule aliopanda baba yake. Kesho yake akaenda kuondoa shauri.

Watu wa ukumbini walifurahi wiki nzima. Nilirudi kutoka Rombo nikakuta habari ni hiyo tu. Wenseslaus aliniambia, "Mzee, umekosa! Ilikuwa nzuri kuliko filamu."

Wasikilizaji wapendwa, mwaka elfu mbili na mbili, masika yalipokwisha, Onesphory aling'oa masale. Aliuza kipande kile. Kuanzia mfongo mpaka kaburini. Mnunuzi hakuelezwa lolote, kwa hiyo simtaji na simlaumu. Alijenga ukuta. Kaburi la mama yake Mektrida likabaki ndani ya ukuta.

Mektrida akamwendea Mama Salvina. Jibu alilopewa lilikuwa fupi: "Tulishamaliza kwa isale. Unarudia nini?"

Akarudi baraza la kata. Wajumbe walimsikiliza kwa heshima. Wakasema shauri lililoondolewa halifunguliwi tena bila sababu, wakamuuliza: kwa nini uliliondoa? Akasema: kwa sababu ya ahadi. Wazee gani wa ukoo waliisikia? Hakuna. Basi nani aliisikia? Mektrida akainua kichwa. Evelyn anasema mama yake alitabasamu siku hiyo, kwa sababu jibu alikuwa nalo. Alisema, "Watu wa ukumbi mzima walisikia."

Waliitwa. Bibi Ndelilio alituma salamu kwamba miguu inamsumbua. Kwenye ukumbi miguu ile ilifika kila Jumapili. Sylvanus alikuja, akasema alikuwa akishughulika na deki, hakusikia vizuri. Wenseslaus alikuja amevaa koti, kofia mkononi. Mwenyekiti akamuuliza, Mama Salvina alisema nini siku ile? Wenseslaus, ambaye anaweza kukwambia binti wa katuni alivaa gauni la rangi gani kabla na baada ya sherehe, ambaye alimrekebisha Mektrida mbele za watu kwa kukosea ngazi moja, alitazama kofia yake akasema:

"Sikumbuki vizuri, mheshimiwa."

Shauri likaishia hapo.

Nilimfuata Kiborloni. Nilimkuta amekaa kati ya viatu vyake. Nikamuuliza, Wense, kweli hukumbuki? Hakunificha.

"Shikamoo, Mzee. Nakumbuka. Nakumbuka kila neno. Lakini isale ilishapokewa. Jambo la isale likifukuliwa, anayefukua anajitafutia balaa, yeye na watoto wake. Wewe ni Mchagga, unajua."

"Mimi ni Mchagga," nilimwambia. "Na baba yangu alinifundisha kwamba isale inafunga hasira. Hakunifundisha kwamba inafunga mdomo wa shahidi."

"Hayo ni ya baba yako, Mzee. Mimi nina watoto."

Na hilo ndilo jibu nililopewa na wote wanne walionisimulia habari za Jumapili ile. Wote wanakumbuka. Wote wana watoto. Ninawaheshimu wanaoiogopa desturi. Lakini siku ile ukumbini desturi ilivunjwa mbele yao, bila mshenga, bila wazee, na hawakuiogopa. Walipiga makofi. Desturi waliikumbuka ilipofika zamu yao ya kugharimika.

Mektrida alirudi ukumbini mara moja tu baada ya hapo. Sylvanus alimwomba. Siku hiyo mimi nilikuwepo, nimekaa karibu na mlango. Waliomba "ya mpira." Mektrida akatafsiri vizuri kama zamani, sauti zote zipo, watu wanacheka, mambo yamesahaulika. Kiatu kikaenea. Mama wa kambo akageuka, akafungua mdomo. Uwanja wa mpira ukatokea. Golikipa akapiga goli kiki.

Mektrida hakuzima televisheni. Alikaa kwenye benchi, akaangalia mpira.

"Dada, malizia!" mtu akasema.

Mektrida aliendelea kuangalia mpira.

"Dada Mektrida, mwisho! Mama wa kambo anakuja na nini?"

Akageuka akawatazama, benchi kwa benchi. Akasema taratibu, "Sikumbuki vizuri."

Akafungua kitenge kiunoni, akajitanda mabegani, akatoka. Hakuna aliyemfuata. Mpira uliendelea mpaka kanda ikaisha.

Hakutafsiri tena filamu yoyote. Alirudi kwenye cherehani yake. Kila mwaka, siku ya kuwaombea marehemu, mwezi wa kumi na moja, alipanda Uru na Evelyn, wakasimama nje ya ukuta. Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alisema tu hana ruhusa. Mama na binti walisali rozari pale getini, magari yakiwapita, kisha wakashuka. Evelyn aliniambia kwamba mwaka jana mama yake alishika ukuta kwa mkono akasema, "Mimi nitalala wapi?"

Alipofariki, Evelyn alipanda kwa mjomba wake, Onesphory, kuomba mahali pa kumzika mama yake kwenye kihamba cha babu yake. Aliomba mahali pa jeneza moja. Onesphory alimwambia palipobaki ni pembamba, na wanawe wanataka kujenga. Mama Salvina alikuwa amekaa mlangoni. Ni mzee sasa, lakini masikio yake ni mazima. Aliyasikia yote, akaendelea kukaa.

Kwa hiyo tulimzika mjini. Wapenzi wa ukumbi walikuja, hilo lazima niliseme. Walikuja wengi, na walilia. Mmoja alitaka kusimama kusimulia jinsi marehemu alivyofanya sauti ya malkia. Evelyn alimshika mkono akamwomba akae.

Baada ya mazishi nilimuuliza Evelyn nitangaze nini. Nilimwambia, nitasema mama yako alikuwa mtu wa kusamehe. Watu watapenda kusikia hivyo.

"Hapana, Babu," alisema. "Usiseme alisamehe. Sema alishangiliwa mpaka akapokea."

Basi nimesema.

Nikamuuliza kama atafungua tena shauri, maana ni mjukuu wa Aristides na kipande kile kilitajwa kwa jina lake pia. Akanitazama kama mtu anayetazama mzee aliyechoka. "Kwa shahidi gani, Babu?"

Evelyn, mjukuu wangu, pole. Pole sana. Mama yako alitupa vicheko miaka kumi, na mji huu haukumpa hata mtu mmoja wa kusimama na kusema, nilisikia. Kwa Mama Salvina na Onesphory, na ukoo wote wa Mzee Aristides, tunatoa pole kama desturi inavyotaka. Desturi tunaiheshimu. Mungu ailaze roho ya Mektrida mahali ambapo hakuna ukuta.

Na ninyi mliokuwemo ukumbini Jumapili ile, siwataji wote, mnajijua. Tafakarini usiku huu mkishazima redio. Mmelia makaburini, mmechanga sukari, mmekusanya mabenchi, mmerudi nyumbani. Evelyn bado yuko pale barazani kwa mama yake, anashona sare za shule. Nyumba yake mnaijua. Na baraza la kata hukaa kila Alhamisi.